Usiende na mtoto kwa daktari akutafsirie insulini

Mkuu, futa huo mpango wa Jumatatu. Umeuliza kifaa gani cha kupimia sukari ni kizuri na insulini itunzwe vipi safarini, halafu mwishoni ukadokeza, kama jambo dogo tu, kwamba kijana wako wa miaka 13 ndiye atakayekutafsiria kwa daktari kwa kuwa lugha ya ugenini bado inakupiga chenga. Hilo la mwisho ndilo litakalokulaza wodini.

Mimi nilikwenda na binti yangu wa miaka 12. Lugha ya huku anaiongea kama kazaliwa nayo. Nilikuwa nimeandikiwa kalamu mbili za insulini, yaani sindano za dawa ya kisukari zenye umbo la kalamu: moja ya kufanya kazi haraka, uniti 6 kabla ya kula, nyingine ya kufanya kazi kwa muda mrefu, uniti 20 mara moja wakati wa kulala. Muuguzi alikatisha maneno kama wanavyoongea wao kwa wao, akasema ile "ndefu" ni ya usiku. Binti akanifikishia vilevile: "Baba, hii kalamu ndefu unajichoma ukienda kulala." Nikaziangalia. Iliyokuwa ndefu kwa umbo ni ile ya haraka. Muuguzi akauliza kama nimeelewa, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, kwa sababu niliona aibu kumchelewesha.

Usiku nikajichoma uniti 20 za insulini ya haraka, nikalala bila kula chochote. Insulini hiyo huanza kazi ndani ya kama robo saa. Mke wangu aliamshwa na shuka lililolowa jasho. Nilikuwa natetemeka, nabwabwaja, kisha nikapoteza fahamu. Alitaka kunimiminia maji ya sukari mdomoni, mhudumu wa simu ya dharura akamkataza: asiyejitambua hanyweshwi kitu, atapaliwa. Wahudumu wa dharura walipofika wakanipima sukari, 1.8 mmol/L. Chini ya 4 tayari sukari imeshuka, au chini ya 70 kwa vipimo vya Marekani (mg/dL). Na aliyekuwa anatafsiri kwenye simu ile ya dharura ni binti huyohuyo, analia.

Aliyenifikisha hapo namjua. Ni mtu wa kwetu aliyetangulia kuhamia, akajifanya anajua kila kitu. Aliniambia nisiombe mkalimani, eti nitatozwa hela na jina langu litaandikwa vibaya kwenye faili la uhamiaji. Uongo mtupu! Marekani, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na sheria ikupatie mkalimani bure, na haitakiwi kumtegemea mtoto akutafsirie isipokuwa kwenye dharura. Uingereza nako, NHS, huduma ya afya ya taifa, hugharamia mkalimani. Yule bwana hajawahi hata kuuliza, lakini kila mgeni anayefika anamjaza hofu ileile. Muuguzi naye simwachi: "umeelewa?" si swali la kumuuliza mgonjwa mgeni, kwa sababu jibu lake ni ndiyo siku zote.

Kwa hiyo shika hili moja. Usitoke kwa daktari mpaka umemrudishia maelekezo kwa maneno yako mwenyewe, kupitia mkalimani, dawa ikiwa mkononi: hii ni ya nini, uniti ngapi, kabla ya kula au wakati wa kulala, na sukari ikishuka nifanye nini. Ukikosea, akurekebishe, urudie tena. Siku hizi mimi nabandika utepe mwekundu kwenye kalamu ya haraka mbele ya muuguzi huyohuyo.

Piga simu kliniki leo, usingoje Jumatatu. Sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Wasipompata wa kuja, waombe wa kwenye simu. Kijana mwache aende shule. Wangu ana miaka 16 sasa, na nikikohoa tu usiku anakuja kugonga mlango kuniuliza nimejichoma ipi.