Pikapu kuukuu kama gari la akiba

Umeuliza kama pikapu ya miaka 20 iliyokwisha kutembea kilomita 280,000 inafaa kununuliwa iwe gari la akiba. Inafaa, mradi usiamue kwa kutazama kilomita peke yake, kwa sababu injini iliyobadilishwa oili kwa wakati huweza kuvumilia umbali huo na zaidi, lakini fremu iliyoliwa na kutu haina tiba ya bei nafuu. Lala chini ya gari ukiwa na tochi na nyundo ndogo, uigonge fremu pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi zinapofungwa: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kudondosha magamba. Injini nayo uiwashe ikiwa baridi kabisa, kwani ikiwa imekwisha kupashwa moto huweza kuficha tatizo la kuwaka.

Jambo ambalo wengi hulisahau, nami naliona ndilo kubwa, ni kwamba gari la akiba huharibika kwa kusimama. Betri hufa taratibu, petroli huchakaa baada ya miezi kadhaa, na tairi huzeeka hata kama hazijalika. Tazama tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa kwenye ubavu wa tairi. 2314, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukishalinunua, liendeshe walau nusu saa kila baada ya wiki mbili, hadi injini ipate joto lake kamili.