Cheni ya taiming ya Morris Minor 1000 inayogonga

Shehe, umeuliza juu ya mlio wa kugonga mbele ya injini ya Morris yako ikiwa sailensa (inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta). Huo ni cheni iliyolegea, na kuibadili hapo hapo Mwanakwerekwe, Zanzibar, kwa mikono yako inawezekana. Usinunue cheni peke yake: chukua na gia zake mbili (ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na ya kemshafti, shafti inayofungua valvu), sili ya kuzuia oili ya kava inayofunika cheni, na gasketi. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika haidumu.

Toa rejeta na mkanda. Nati ya puli ya mbele ya krenki ndiyo mtihani, maana kutu ya chumvi huishika. Kunjua kwanza wosha yake ya kufuli, tia gia ya 4, mwenzako akanyage breki, ndipo uvute spana ndefu.

Puli na kava zikishatoka, na kabla hujatoa gia, zungusha krenki mpaka vidoti viwili, alama zilizopigwa kimoja kwenye kila gia, vitazamane. Mpya ziingize pamoja na cheni, vidoti vikitazamana vile vile. Weka rula juu ya nyuso za gia. Zikipishana, rekebisha kwa shimu (wosha nyembamba) nyuma ya gia ya krenki.

Kisahani cha kutupa oili, kinachokaa mbele ya gia ya krenki, herufi F itazame nje, vyenginevyo sili itavuja. Kava usiikaze mpaka puli imeingia ikaiweka katikati. Ila kabla hujaifunga hiyo kava, zungusha krenki kwa mkono mara 2, uhakikishe vidoti vimerudi kutazamana.