Re: Mdogo wangu ameitwa misheni Brazil, ajiandae vipi?

Misheni ya Wamormoni (Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho), yaani kwenda kuhubiri dini yao mbali na nyumbani, ni miezi 24 kwa vijana wa kiume, 18 kwa mabinti, na nchi hachagui mtu. Kinachowashinda wengi si kuhubiri, ni mwenza, yaani mmisionari mwingine anayepangiwa kukaa na kufanya kazi naye: wako pamoja kutwa kucha isipokuwa bafuni, na wakikorofishana hakuna pa kukimbilia. Uhamisho, ambapo mtu huweza kubadilishiwa mwenza au eneo, huja kila baada ya wiki 6 hivi, basi avumilie. Kireno cha kituo cha mafunzo hakitoshi mtaani. Mwanzoni ataitikia kwa kichwa tu. Abebe jozi 2 za viatu vya soli ya kushonwa, maana za gundi huachia kwenye lami ya moto. Simu nyumbani ni ruksa kila wiki, siku ya maandalizi, siku hiyohiyo ya kufua na kwenda sokoni. Akiwapigia dakika chache, msinune.