Mkojo unaochoma baada ya tendo la ndoa: kabla hujanunua dawa

Huku kwetu Mtwara mwanamke akisema tu anaumia huko chini, jibu ni moja: una UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Jirani atasema hivyo, muuza duka la dawa naye atasema hivyo, na vidonge vitafungwa hata hujamaliza kueleza. Nimesumbuliwa na jambo hili kwa miaka. Kilichonisaidia kuliko dawa zote ni swali la muuguzi mmoja wa makamo: panauma wapi hasa, na lini?

Kama moto unakuja wakati wa kukojoa, siku moja au mbili baada ya tendo, unakwenda chooni kila mara na kutoa matone tu, na chini ya kitovu pamebana, hapo UTI ina nafasi kubwa. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, sentimita 4 hivi, wakati ya mwanamume inafika 20, na tundu lake liko jirani na njia ya haja kubwa. Bakteria wa tumboni, hasa E. coli, husukumwa wakati wa tendo hadi kwenye kibofu.

Mume wangu ni dereva wa malori. Akikaa safari muda mrefu kisha akarudi, mimi ndiyo naanza kuungua. Mashoga zangu walishahukumu: kakuletea ugonjwa huyo! Hapana. UTI si ugonjwa wa zinaa, na mume hahitaji kumeza dawa kwa sababu mke anayo. Ndoa nyingi zimetikisika bure kwa kutojua hilo.

Kwa upande wangu, kwenda kukojoa mara baada ya tendo na kunywa maji ya kutosha kumesaidia. Hilo la maji linaonekana dogo, lakini msimu wa korosho ukifika wengi wetu tunashinda shambani tangu alfajiri, hatunywi kitu ili tusihangaike kutafuta kichaka, na mkojo tunaubana hadi jioni. Kibofu hakipendi hivyo. Ukijipangusa, anzia mbele kwenda nyuma. Na kama mnatumia dawa za kuua mbegu za kiume, jua kwamba nazo huchangia UTI.

Sasa kuhusu usafi. Makungwi nawaheshimu, nimepita kwenye mikono yao, lakini ndimu, shabu, chumvi na sabuni ndani ya uke hapana. Uke una bakteria wake wazuri wanaoulinda. Ukiwaondoa unafungua mlango. Shabu hukausha, na pakavu hupata michubuko. Osha nje kwa maji, inatosha. Kama ukavu ndio tatizo, msianze kabla mwili haujawa tayari, au tumieni kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi yasikutane na kondomu za mpira za kawaida, yanazidhoofisha.

Mkojo ukichoma pale tu unapogusa ngozi ya nje, tazama michubuko au fangasi: fangasi huwasha na kutoa uchafu mweupe mzito. Harufu ya samaki inayozidi baada ya tendo ni dalili ya bakteria wa uke kuvurugika. Uchafu wa njano au kijani pamoja na maumivu ya chini ya tumbo, huko ndiko kwenye magonjwa ya zinaa kama kisonono, klamidia na trikomona, na hapo lazima mtibiwe wote wawili.

Jambo ambalo kwetu kusini halisemwi vya kutosha ni kichocho. Tumezoea kukiona kuwa ugonjwa wa watoto wa kiume wanaokojoa damu, na dawa za shuleni zimewalenga zaidi watoto. Lakini mwanamke aliyekua akifua na kuoga kwenye mito ya Lukuledi na Ruvuma au bwawa la kijijini anaweza kuwa nacho ukubwani. Kichocho huletwa na minyoo wanaoingia mwilini kutoka kwenye maji hayo; mayai yao hukwama kwenye ukuta wa kibofu, na pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi, yakaleta vidonda. Matokeo yake ni maumivu wakati wa tendo, damu baada ya tendo, na uchafu usiokwisha. Anatibiwa UTI, anatibiwa zinaa, hapati nafuu, halafu anaitwa malaya. Mwambie daktari kwamba ulikulia karibu na maji hayo. Mkojo wa kupima kichocho unafaa kutolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi, na wakati mwingine hayaonekani hata kama ugonjwa upo. Dawa yake ni prazikwanteli. Sipro, ile antibayotiki ya UTI, haiui minyoo hiyo, hata ukimeza kopo zima.

Damu inayotoka baada ya tendo isikufanye unywe dawa nyumbani kwa vyovyote vile. Nenda ukachunguzwe shingo ya kizazi pia.

Kwenye kipimo cha mkojo, acha wa kwanza umwagike, kinga wa katikati, na uutoe kabla hujaanza antibayotiki. Kama UTI inarudi rudi, omba mkojo uoteshwe ili ijulikane ni dawa gani inaua bakteria wako. Homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni maana yake figo zinaweza kuwa zimeguswa: usisubiri kesho. Mjamzito naye asisubiri hata kwa dalili ndogo.

Kwa wanaopata UTI karibu kila baada ya tendo, daktari anaweza kupanga kidonge kimoja cha kumeza kila mnapokutana. Mama zetu waliokoma hedhi, ambao ukeni pamekauka na kuwa pepesi, wana krimu ya homoni ya kupaka ukeni inayopunguza ukavu na UTI pia. Waulizie bila haya. Umri huo nao una haki ya kulala na mume bila kuungua.