Usichimbe shimo la tenki kabla ya cheti cha mazingira

Mkuu umeuliza kama unaweza kuchimba shimo la tenki za sheli yako saizi afu mambo ya NEMC (baraza la mazingira la taifa, Tanzania) utayamalizia mbele ya safari. Usijaribu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza, na sio urembo wa ofisini, tenki likivuja huko chini jirani mwenye kisima ndo wa kwanza kunywa petroli.

Tafuta mtaalamu elekezi wa mazingira aliyesajiliwa, sio yule dogo wa fotokopi anayebadilisha jina la kata tu kwenye ripoti ya mtu mwingine (nishaona ripoti ya sheli ya bara kabisa inataja mikoko, nilicheka). Atausajili mradi, NEMC wataupanga kundi lake, hapo ndo utajua unadaiwa tathmini ya kina kiasi gani.

Kikao cha majirani usikikwepe, waite hata wale wabishi maana ndo wanajua maji ya mvua yanapita wapi, na hapo ndo utajua chemba ya kutenganisha mafuta na maji ikae wapi. Cheti kikitoka soma masharti yake, wengi wanakitia fremu tu.