Maana na asili ya neno "rijali"
Rijali ni mwanamume kamili, hasa yule mwenye nguvu za kiume, na kinyume chake ni hanithi. Sifa yenyewe huitwa urijali. Asili ya neno hili ni Kiarabu, ambako mwanamume mmoja ni "rajul" na wengi ni "rijaal". Kiswahili kilichukua umbo la wingi kikalifanya umoja, kama kilivyofanya kwa "malaika", kisha kikaongeza wingi wake chenyewe, tukapata marijali. Aliyepita chuo cha Kurani atakumbuka kwamba aya ya 34 ya Suratun Nisaa inaanza kwa "ar-rijaalu", yaani wanaume kwa jumla, bila neno hilo lenyewe kugusa habari za chumbani. Maana finyu ya nguvu za kiume tumeiongeza sisi wenyewe.

Kwa hiyo mtu akiuliza hapa Dar es Salaam, "Bwana harusi ni rijali?", haulizi kama ana ndevu au kama ni jasiri, na swali hilo haliulizwi mbele ya wakwe. Vibao vya waganga vilivyobandikwa kwenye nguzo za umeme huandika zaidi "nguvu za kiume", nadhani kwa sababu kila mpita njia ataelewa mara moja. Ukikusudia ushujaa pekee, "shujaa" au "jasiri" litakufaa zaidi, kwani rijali linaweza kuchekesha pale usipotaka kicheko.