Barua ya Nairobi na magunia yangu 62

Jumamosi ya tarehe 6 Machi 2021 nilikuwa na magunia 62 ya mahindi stoo, hapa Uyole, Mbeya. Anayeijua biashara hii anajua Machi ni mwezi gani. Mavuno mapya bado, stoo nyingi zimeshabaki vumbi tupu, na aliyevumilia kutouza tangu Agosti ndiye anayekaa mkao wa kula. Mimi nilikuwa nimevumilia. Hata ada ya mtoto nilikopa kwenye kikoba ili nisiyaguse magunia yale.

Asubuhi ile redio ya muuza chai ilikuwa ikisoma magazeti kama kawaida. Kenya imepiga marufuku mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Mtangazaji akasoma kichwa cha habari, akakirudia kwa sauti ya mshangao, akahamia kwenye michezo. Basi. Hayo tu ndiyo niliyoyajua Jumatatu nilipomwuzia dalali mzigo wote, nikimpunguzia shilingi 7,000 kwa kila gunia na asante juu yake. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimeshaipiga mara nyingi mno. Jumatano yake, tarehe 10, Kenya ikaondoa marufuku na kuweka masharti.

Kwa muda mrefu nilisema redio ilinidanganya. Haikunidanganya. Marufuku ilikuwepo kweli, ya tarehe 5, siku ya Ijumaa. Ilichukua safari ya dereva mmoja wa semi, anayepeleka mizigo Namanga, mpakani na Kenya, mimi kuelewa nilichofanyiwa, au tuseme nilichojifanyia.

Huyu kaka alikuja kupakia maharage, akanikuta bado nina kinyongo. Akatoa simu akanionyesha picha ya barua yenyewe. Ilitoka kwenye mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya kwenda kwa kamishna wa forodha. Ilisema vipimo vimeonyesha sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, kupita kiwango, na kiwango chenyewe kimetajwa: kwa aflatoksini, aina mojawapo ya sumu hiyo, sehemu 10 kwa bilioni. Nikaisoma mara mbili nimesimama palepale kwenye mzani. Hiyo ni lugha ya maabara, na kitu cha maabara mfanyabiashara anaweza kukishughulikia: unapima, unapata cheti, unapita. Masharti yaliyofuata yalikuwa hayohayo: waagizaji wajisajili, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha aflatoksini haizidi 10, ghala linakotoka lijulikane.

Sasa sikiliza habari hiyohiyo ilivyopikwa. Kijiweni kwetu, na kwenye gazeti nililokuja kulinunua baadaye kwa hasira, neno lililotangulia lilikuwa vita. Vita ya biashara, majirani wanatuonea gere. Sumukuvu ilitajwa, ndiyo, lakini huko chini kabisa, karibu na tangazo la kiwanja. Upande wa pili, kaka dereva anasema redio alizokuwa akizisikiliza akivuka mpaka ziliimba sumu: mahindi ya Tanzania ni sumu, akina mama tahadharini. Habari moja, barua moja. Huku aliyeonewa ni mkulima wa Mbozi, kule ni mlaji wa Nairobi. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Kilichonikera zaidi ni yale ambayo kila upande uliyaacha. Mwaka 2004 sumukuvu iliwaua Wakenya 125 kati ya 317 waliougua, huko Makueni, Kitui na jirani zake, na mahindi yale yalilimwa na kuhifadhiwa hukohuko kwao. Ukilijua hilo, hofu yao huiiti wivu tena, lakini pia humwachii mtu akuambie sumu inazaliwa Tanzania. Na sisi je? Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu hiyohiyo. Pale kwenye chai hakuna aliyekumbuka, nami nikiwemo. Tulikuwa tunatetea mahindi yetu kama mtu anayetetea timu.

Mpwa wangu aliyesomea uandishi wa habari aliniambia jambo ambalo tangu hapo silisahau. Mwaka 1968, mji wa Chapel Hill kule Marekani, watafiti McCombs na Shaw waliwauliza wapiga kura 100 ambao hawajaamua wa kumchagua: mambo gani ni makubwa kwenu? Kisha wakalinganisha majibu na yale yaliyopewa nafasi kubwa na vyombo vya habari vya pale. Yakafanana karibu kabisa. Gazeti huenda lisiweze kukuamulia uwaze nini, ila linakuamulia uwaze kuhusu nini. Nikamjibu, mwanangu, hilo mbona sisi wa Mbeya tunalijua bila utafiti? Ndugu yangu wa Dar hupiga simu mara mbili tu kwa mwaka: Krismasi, na lori likikatika breki mteremko wa Iwambi. Kwake Mbeya ni breki. Hajui bei ya viazi, hajui parachichi za Rungwe zinakwenda hadi Ulaya, hajui kama mvua imenyesha. Ajali ni za kweli, tena nyingi mno. Lakini ukiulizwa Mbeya ni nini na huna kingine kichwani, mtu mwingine amekuchagulia.

Na nafasi ya gazetini ni ileile, haiongezeki. Mwezi huohuo wa Machi, tarehe 17, Rais Magufuli akafariki. Mahindi yakafutika kurasa za mbele, na ilikuwa haki yake, nchi ilikuwa msibani. Ila masharti ya cheti hayakuwa msibani. Wafanyabiashara walioendelea kufuatilia habari ile ilipokuwa imeshaacha kuwa habari ndio waliofika Namanga na makaratasi yao kamili.

Kwa hiyo mimi siku hizi nafanya hivi, na sisemi ni sayansi. Habari ikinigusa mfukoni, siku hiyo siuzi wala sinunui. Nalala nayo usiku mmoja, mara nyingi miwili. Kisha natafuta karatasi yenyewe: kama ni marufuku, kuna barua, kama ni bei, kuna tangazo la aliyeipanga. Vijana wa simu wanazipata haraka kuliko unavyodhani, ingawa nazo siku hizi zinatengenezwa za uongo, kwa hiyo naangalia kama mamlaka husika imeiweka kwenye ukurasa wake. Halafu namtafuta mtu aliyesimama upande wa pili. Si lazima awe msomi. Dereva anatosha, au mama anayekaanga mihogo mpakani.

Suala la mmiliki nalo naliangalia, bila kulivalia njuga. HabariLeo ni la serikali, Uhuru ni la CCM, na Mwananchi mwaka ule lilikuwa chini ya Nation Media Group ya Nairobi. Kulijua hilo kunasaidia kujua nani hatakanyagwa sana kidole. Ila nimeshaona watu wanaolitupa gazeti zima kwa sababu ya mwenyewe, kisha wanaamini sauti ya dakika tatu iliyozunguka kwenye kundi la ukoo isiyo na mwenyewe kabisa. Hapo bora gazeti.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kitu kidogo: maneno ya vitendo. Chukua kalamu, pigia mstari vitendo vya kichwa cha habari. Yazuia, yasusa, yachafua, yalipiza. Kisha soma ndani uone kama kitendo hicho kimefanywa kweli na nani. Yule dereva na mimi tulifanya mchezo huu na gazeti langu la hasira, na katika habari ndefu ya mahindi hatukukuta hata mtu mmoja aliyepima mahindi akiulizwa swali.

Msimu uliopita yule dalali alirudi. Gazeti kwapani, limekunjwa vizuri ili neno "yaporomoka" lionekane. Mama, umeiona hii? Nikamwambia likunjue. Akacheka. Nikamwambia tena, baba, likunjue tusome wote. Bei iliyoporomoka ilikuwa ya mchele, na soko lenyewe halikuwa hata la nyanda za juu.

Alikunywa chai, nikamlipia. Magunia yakabaki stoo.